Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mchanga, Maji na Mlima wa Mrima

Mada iliyotolewa mbele ya kamati za maji za vijiji, wazee wa kaya na vijana, Msambweni



Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haisemi mgeni afukuzwe. Inasema kwamba akija, mwenye nyumba apate nafuu. Kwale imekaa na mgeni mmoja mkubwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, naye ni uchimbaji wa titani. Sasa mgeni huyo amemaliza kazi yake. Wakati wa kupima kama mwenyeji alipona ni huu, kwa sababu mgeni wa pili yuko njiani. Huyo anatajwa kwa majina mazuri: nishati safi, magari ya umeme, mitambo ya upepo. Anachokitafuta kiko chini ya msitu wa Mrima.

Hoja ya mada hii ni moja. Kila kitu kinachoitwa safi mjini kimeanzia mahali fulani kwa kuchimba udongo, na gharama ya kuchimba hubaki pale pale. Atakayeilipa gharama hiyo huamuliwa kabla jembe la kwanza halijaingia ardhini. Baada ya meli kuondoka huwa kumeshakucha.

Rangi nyeupe kutoka mchanga mwekundu

Titani ya Kwale haichimbwi kama dhahabu, kwa mashimo marefu chini ya ardhi. Imo ndani ya vilima vya mchanga mwekundu, upande wa bara wa barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Mchanga huo una madini matatu: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Ilmenaiti na rutaili hutoa unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Zirkoni huenda kwenye vigae vya sakafu na vyombo vya kauri. Mtu anayepaka ukuta wake rangi nyeupe huko ng'ambo huenda anapaka kilima cha Nguluku bila kujua.

Kampuni ya Tiomin ya Kanada ndiyo iliyopewa leseni ya uchimbaji mwaka 2004. Mwaka 2010 mradi ulinunuliwa na Base Resources ya Australia, na kampuni yake ya hapa nchini ikaitwa Base Titanium. Ujenzi ulianza mwaka 2011, na meli ya kwanza ya madini iliondoka Likoni Februari 2014. Oktoba 2024, Base Resources yenyewe ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani. Uchimbaji ulikoma Desemba mwaka huo huo.

Tarehe hizo zina funzo. Katika miaka 20 mradi mmoja ulikuwa na wenyewe watatu, kutoka nchi tatu. Ahadi aliyoitoa wa kwanza mbele ya wazee kijijini ilipaswa kutimizwa na wa pili, na mengine yakamfikia wa tatu. Ahadi ya mdomo haihami kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kinachohama ni kilichoandikwa na kusajiliwa.

Faida zilikuwepo, na ni haki zitajwe. Mamia ya vijana wa Kwale walipata kazi na ufundi. Zilijengwa barabara, madarasa na zahanati, na wakulima walisaidiwa kulima pamba na viazi. Kwa miaka kadhaa mgodi huu mmoja ulitoa zaidi ya nusu ya thamani ya madini yote ya Kenya. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 nayo ikaweka mgao wa mrabaha: asilimia 70 kwa Serikali ya Kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii inayoishi penye madini. Hata hivyo sheria ni kitu kimoja na pesa kufika ni kingine. Malalamiko kwamba mgao huo unachelewa yamesikika Kwale kwa miaka mingi.

Watu, maji na udongo

Gharama ya kwanza ilikuwa watu kuhama. Familia za Maumba na Nguluku ziliacha mashamba yao, na nyingine zikapelekwa Bwiti, upande wa Lunga Lunga. Fidia huhesabu minazi, miembe na mikorosho, kila mti kwa bei yake. Haina safu ya kuandika umbali wa kisima kipya, jirani aliyekuwa akiangalia watoto, wala makaburi ya wazazi. Yeyote atakayeambiwa kuhama siku za usoni na akutane kwanza na watu waliohama, awaulize mwaka wa kumi ulikuwaje, si mwezi wa kwanza.

Gharama ya pili ni maji. Mchanga wa Kwale ulibomolewa kwa mipira ya maji yenye nguvu, ukawa kama uji, kisha ukasukumwa kwa mabomba hadi mahali pa kuchuja. Kazi hiyo haiendi bila maji mengi, hata kama mengine hurudishwa na kutumiwa tena. Kwa ajili hiyo lilijengwa bwawa kwenye mto Mukurumudzi lenye uwezo wa kushika mita za ujazo milioni 8.4. Kwa kina mama wanaoteka maji, hiyo ni mitungi milioni 420 ya lita 20. Bwawa hilo bado lipo. Likitunzwa vizuri linaweza kunywesha watu na mifugo na kumwagilia mashamba. Lakini bwawa lina ukuta, na ukuta unahitaji kukaguliwa kila mwaka, mvua ikinyesha na isiponyesha. Atakayelimiliki, atakayelipia ukaguzi na atakayegawa maji yake lazima wajulikane kwa maandishi.

Mto huo haukomei kwenye bwawa. Mukurumudzi hutoka Shimba Hills, hupita eneo la mgodi, na kumwaga maji yake katika ghuba ya Gazi. Mikoko ya Gazi inahitaji maji ya bahari yachanganyike na maji matamu ya mto. Mikoko hiyo iliwahi kukatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda na boriti, na kazi ya kuipanda upya ikaanza mapema miaka ya 1990. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa, na mapato yake yamesaidia maji na shule. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata mfano huo. Kwa hiyo mto mmoja mfupi unabeba viumbe vya Shimba Hills, bwawa la mgodi, mashamba ya wakulima, na mikoko inayowaletea watu wa Gazi riziki. Anayepima athari za mradi kwa kuangalia ndani ya ua wa mradi tu hajaupima mto.

Hata biashara ya hewa ya ukaa inastahili kuulizwa maswali, kwa sababu anayenunua hewa hiyo hununua ili moshi wake wa kwingine uhesabiwe kuwa umefidiwa. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yaliweka kwamba miradi ya ardhini iwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato yake ya mwaka, baada ya gharama za kuendesha kutolewa. Kikundi chochote kinacholetewa mkataba wa ukaa kiuangalie mstari huo kwanza kabla ya kutia sahihi.

Gharama ya tatu ni udongo. Katika kila tani 100 za mchanga uliochimbwa, madini yenyewe yalikuwa tani chache tu. Yaliyobaki yalirudi yakiwa vitu viwili vilivyotenganishwa, mchanga mtupu na tope laini. Mchanga peke yake haushiki maji. Tope peke yake likikauka hupasuka. Ili shamba lirudi kuwa shamba, vitu hivyo huchanganywa tena, juu yake hutandazwa ule udongo wa juu uliowekwa akiba siku ya kwanza, kisha hupandwa nyasi, mikunde na miti ya kiasili.

Nyasi huota ndani ya msimu mmoja, na picha ya nyasi mbichi hupendeza kwenye ripoti. Mkulima wa Kwale ana kipimo kingine. Mnazi wa kienyeji huchukua takriban miaka 6 au 7 kabla ya kuzaa, na mizizi yake ndiyo inayojua kama chini kuna udongo au kuna mchanga mtupu. Ardhi iliyochimbwa itasemekana imepona siku mnazi uliopandwa juu yake utakapozaa. Ufuatiliaji unaoisha kabla ya siku hiyo umeisha mapema.

Mrima na karatasi iliyookoa nchi

Kutoka mgodi wa titani, ukielekea mpaka wa Tanzania, kuna vilima vitatu vyenye mawe ya aina yake: Jombo, Kiruku na Mrima. Mrima una niobiamu, inayotiwa kwenye chuma ili kiwe imara, na una madini adimu. Madini hayo adimu hutengeneza sumaku ndogo zenye nguvu nyingi. Gari moja la umeme linaweza kubeba kiasi cha kilo moja au mbili za sumaku hizo, na mtambo mkubwa wa upepo unaweza kubeba mamia ya kilo. Uchina ndiyo inayosafisha sehemu kubwa ya madini haya duniani, na nchi nyingine zinatafuta mahali pengine pa kuyapata. Ndiyo maana jina la Mrima, linalojulikana na wazee wa kaya kwa miti yake na mizimu yake, sasa linajulikana pia kwenye ofisi za mbali.

Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba chini ya Mrima kuna utajiri wa dola bilioni 62.4 za Marekani. Tarakimu hiyo ilivuma, na wengi wakadhani ni pesa. Sivyo. Hiyo ni bei iliyokadiriwa ya mawe yakiwa bado ardhini, kabla ya kuhesabu kuchimba, kusafisha, kusafirisha, na kulinda mabaki. Na mabaki ya madini adimu si kama ya titani. Kuyasafisha kunahitaji asidi kali, na mara nyingi hufuatana na thoriamu, ambayo hutoa miale. Wataalamu waliopima Mrima waliona kwamba hata bila kuchimbwa, miale ya asili ya kilima hicho iko juu ya kawaida. Karibu na mji wa Baotou nchini Uchina, bwawa la mabaki ya madini kama haya limekuwa mfano wa dunia nzima wa gharama ambayo haikuhesabiwa mapema.

Cortec ilipewa leseni Machi 2013. Agosti mwaka huo huo Waziri wa Madini wa wakati huo, Najib Balala, akaifuta. Kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya jopo la kimataifa la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ikidai fidia ya zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 jopo lilitoa uamuzi wake: Kenya ilishinda. Sababu yake kila mwananchi anapaswa kuielewa. Mrima ni msitu uliohifadhiwa kisheria na ni turathi ya taifa. Leseni ilitolewa bila tathmini ya athari kwa mazingira kuidhinishwa kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo, mbele ya sheria, leseni hiyo haikuwa halali tangu mwanzo, na asiye na leseni halali hana cha kulipwa.

Mara nyingi husikika mtaani kwamba karatasi za mazingira ni za kuchelewesha maendeleo. Katika kesi ya Mrima, kukosekana kwa karatasi hiyo hiyo ndiko kulikoiepusha nchi na deni ambalo watoto wa Kwale na wa Turkana wangelilipa kwa kodi zao. Kilima kiliwakinga Wakenya wote, na kilichokikinga kilima ni sheria ya msitu, sheria ya turathi na sheria ya mazingira, pamoja na wazee waliokataa kukisahau.

Wala msitu si mali iliyolala. Kaya Kinondo pale Diani ni miongoni mwa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2008. Wageni huongozwa ndani na wenyeji, kwa masharti ya wazee, na msitu hubaki ulivyo. Mapato yake si mabilioni, lakini hayana mwaka wa kufungwa.

Betri iliyo nyuma ya nyumba

Teknolojia ya kijani ina upande wake wa mwisho pia, na huo uko karibu zaidi kuliko Mrima. Umeme wa jua umeleta mwangaza katika nyumba nyingi za Kwale ambazo nguzo hazijazifikia, na hilo ni jambo la heri. Lakini mifumo mingi hutumia betri zenye risasi na asidi, na betri hiyo siku moja hufa.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Vumbi, moshi na maji yake yaliingia kwenye nyumba za majirani. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani hapo, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi mwilini, akaanza kutetea kijiji kizima. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilirejesha uamuzi huo Desemba 2024. Miaka 10 ilipita tangu kiwanda kufungwa hadi neno la mwisho la mahakama, na risasi haikusubiri kesi iishe kabla ya kudhuru watoto.

Kwa hiyo betri iliyokufa isivunjwe nyumbani, asidi yake isimwagwe karibu na kisima, wala mtoto asipewe vipande vyake kuchezea. Irudishwe nzima kwa muuzaji au ipelekwe kwa mnunuzi mwenye leseni ya NEMA.

Maswali ya kabla ya hodi

Leseni za uchimbaji hutolewa na Serikali ya Kitaifa, si na kaunti. Lakini kaunti ina jukumu la mipango ya ardhi na huduma za maji, na mwananchi ana sauti ambayo hakuna ofisi inayoweza kuisema kwa niaba yake. Mradi wowote ukiletwa, uwe wa madini, wa kiwanda, wa umeme au wa ukaa, kikao cha kijiji kiulize haya:

Kwanza, maji. Mradi utachukua kiasi gani, kutoka mto au kisima kipi, na ukame ukija nani atapunguziwa kwanza?

Pili, mabaki. Yatakuwa na nini ndani yake, yatawekwa wapi, na nani atayalinda wajukuu watakapokuwa wazee?

Tatu, ardhi. Itarudi kwa nani, katika hali gani, na itapimwa kwa kipimo kipi kabla ya kusemwa imepona?

Nne, dhamana. Sheria ya Madini inamtaka mchimbaji awe na mpango wa kufunga mgodi na aweke dhamana ya kurekebisha mazingira. Ni kiasi gani, na itaachiliwa lini?

Tano, mwenye mradi. Akiuza kampuni, ahadi zipi zitamfunga anayenunua?

Majibu yawe kwenye ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, si kwenye hotuba. Ripoti hiyo ni ya umma. NEMA hutangaza notisi, na notisi huweka siku za kutoa maoni. Maoni yaandikwe, yatiwe sahihi, na nakala ibaki kijijini. Asiyeridhika na leseni anaweza kukata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Na Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameshadhurika.

Nguvu hizo zimeshafanya kazi katika Pwani hii hii. Juni 2019 jopo hilo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliokwenda mbele ya jopo walikuwa watu wa kawaida waliosoma ripoti na kuuliza.

Wazee wa kaya, kina mama na vijana, Kwale haihitaji kuchagua kati ya umaskini na uharibifu. Huo ni uchaguzi wa uongo, na humfaa anayetaka kuchimba kwa bei rahisi. Mgeni na aje, akaribishwe kwa madafu, akae kwenye mkeka. Kisha, kabla hajaonyeshwa shamba, aulizwe maswali yale matano, na majibu yake yaandikwe. Wahenga walisema pia, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mashimo ya Nguluku yanafukiwa sasa, na Mrima bado umesimama na miti yake. Ufa wa Mrima utazibwa mapema au hautazibwa kabisa.